Lisbon na Paris, Saa Mbili na Nusu

Lisbon, Jumapili 13 Machi 1966

Mdogo wangu Abílio,

Salamu nyingi zikufikie ukiwa mzima. Sisi huku hatujambo, kama kutokuwa na jambo ni kuamka na kula. Mama kule kijijini miguu bado inamvimba, lakini ulimi haujambo kabisa: amemwandikisha padri barua nzima ya kunilaumu kwamba mwezi huu sikumpelekea kahawa. Paka wa marehemu shemeji yako amezaa tena chini ya kitanda changu, na hakuna jirani anayetaka hata mtoto mmoja.

Barua hii anakuletea Idalina, yule jirani yangu wa zamani ambaye sasa anafagia ndege huko Paris kama mimi ninavyofagia huku. Alikuja kumzika baba yake, na makaratasi yake yamekamilika, hapekuliwi sana. Kwa hiyo humu nitasema wazi. Za posta unajua zinasomwa na wenye macho marefu kabla yetu.

Zeferino wangu amepimwa na jeshi. Wamemkuta mzima, wakampiga muhuri kama ng'ombe wa mnadani. Tarehe kumi na sita Mei anatakiwa kambini, na baada ya kambi ni meli, na meli siku hizi zinakwenda Msumbiji. Mtoto wa Leopoldina wa ghorofa ya chini alikwenda huko na miguu miwili na wimbo mdomoni. Amerudi na mguu mmoja, na kuimba haimbi. Nilimwuliza, "Kuna nini kule, mwanangu?" Akaniambia, "Mama Deolinda, kule kuna watu walio kwao. Sisi ndio tulikuwa si kwetu." Kisha akageukia ukuta. Mimi nimezaa mmoja tu, Abílio. Simpeleki kuua watu kwao, wala simpeleki kuuawa.

Nimezungumza na yule mvushaji wa mpakani wanayemwita Shoto. Atampitisha Hispania, kisha milimani, mpaka kwako. Malipo nusu sasa, nusu akifika. Na picha ni ile ile desturi uliyopita nayo wewe: tunaichana vipande viwili, msafiri abebe kimoja, mimi nibaki na kingine. Akifika salama atanitumia chake. Vikioana, Shoto apewe salio lake. Visipooana, hapati kitu, na hiyo ndiyo sababu pekee ya mtu kama Shoto kumfikisha mtoto wa mwenzake akiwa hai.

Nitaichana ile picha ya gulio la Guarda, Zeferino ana miaka saba nawe umemwekea mkono begani. Mpiga picha alitoa mbili, moja uliondoka nayo. Nitapitisha mpasuko kwenye kiwiko chako. Yeye abebe upande wenye sura yako, akujue akikuona. Mimi nibaki na mtoto wangu, na mkono wako begani kwake.

Kwenye barua za posta Zeferino tutamwita soseji, maana kila mama wa hapa anamtumia ndugu yake soseji na hakuna wa kushangaa. Shoto tumwite mchukuzi.

Jana nilikuta mkate mdogo kwenye mfuko wa kiti, ndani ya ndege iliyotoka Paris. Umeokwa huko asubuhi, mchana nimeushika mimi, bado laini. Nilimsikia rubani akimwambia abiria mmoja: kilomita elfu moja na mia nne na ushei, saa mbili na nusu. Niliula nimesimama, nikilia kama mwehu. Mkate haukuombwa pasipoti.

Nambie neno moja tu. Akifika mlangoni kwako, utamfungulia?

Dada yako,
Deolinda


Champigny, nje ya Paris, 27 Machi 1966

Dada yangu mpenzi,

Barua nimeipata kwa mkono wenyewe, na Idalina amenisimulia mazishi hadi rangi ya jeneza. Poleni sana. Mimi mzima. Baridi ya huku haina adabu, lakini kazi ipo: tunamwaga zege uwanja wa ndege wa Orly, wanapanua njia ya kurukia. Nikiinua kichwa naziona ndege za kwenu zikitua. Huenda ile uliyoifagia asubuhi ndiyo inayonipigia kelele masikioni. Tumekuwa jirani, dada, ila jirani wasioonana.

Kuhusu ile soseji, nashukuru kwa kunifikiria. Lakini nakushauri usiharakishe. Soseji haipendi unyevu. Chumba changu, kile nilichokueleza chenye dirisha linalotazama mto, wanakipaka rangi sasa, na mwenye nyumba ni mama mkali, hapendi harufu ya vyakula vya kigeni. Labda mwezi wa tisa. Labda mwakani. Huko hamwezi kuitunza kwa njia nyingine? Nasikia kuna madaktari wanaoandika kwamba soseji ina pafu bovu.

Msalimie mama. Mwambie kahawa nitamtumia mimi.

Wako mdogo,
Abílio


Lisbon, Pasaka, 10 Aprili 1966

Abílio,

Heri ya Pasaka. Tumekula kipande cha mwana-kondoo kwa hisani ya Leopoldina, na mama amepata kahawa yako, anasema ni chungu. Kwa hiyo amefurahi.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta neno "ndiyo". Nimekuta rangi ya ukuta, nimekuta mwenye nyumba, nimekuta pafu. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nani aliyekunyonyesha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa mama alipougua? Sikuwa na miaka kumi.

Basi nakuarifu, sikuombi. Soseji imeondoka Jumatano na mchukuzi. Utaipokea, hata kama utaiweka juu ya dirisha lako la mto.

Nimekasirika, na bado nakuombea.

Deolinda


Champigny, 24 Aprili 1966

Dada yangu,

Natumaini mwanzo wa barua hii unakukuta mzima, na mwisho wake pia. Nisamehe kwa ile ya kwanza. Ungejua kinachonifanya niandike hivyo usingekasirika, lakini si cha kuandika.

Soseji haijafika. Kila jioni nikitoka kazini napita kituo cha treni, nakaa pale hadi treni ya mwisho ya kutoka kusini ishushe watu. Mizigo mingine miwili iliyoondoka siku moja na wako imefika jana, ya watu wa Sabugal. Wanasema milimani theluji ilikuwa bado ipo.

Hawakusema zaidi. Nitakuandikia mara tu. Usikose usingizi, dada. Kula.

Abílio


Lisbon, 5 Mei 1966

Abílio,

Mimi mzima. Mama mzima. Paka mzima.

"Hawakusema zaidi." Nakujua tangu hujaota meno. Ukiandika sentensi fupi hivyo, ujue ndefu umeimeza. Walisema nini?

Mke wa mchukuzi amekuja mara mbili. Anakaa jikoni kwangu na mkoba wake mapajani, anakunywa kahawa yangu, anasema mzigo umefika, nusu iko njiani, kwa nini nimcheleweshee mumewe haki yake. Nikamwambia, "Ikifika utaniona nikikimbia." Akasema, "Wengine wanalipa kwa imani tu, mama." Nikamwambia imani yangu ninaitumia kanisani, imekwisha huko.

Zimebaki siku chache kufika tarehe kumi na sita. Wakija kuuliza nitawaambia nini? Ndege ya Paris imetua leo mchana kama kila siku. Nimefagia ganda la yai, gazeti, kiatu cha mtoto. Kila kitu kinafika kutoka huko isipokuwa habari.

Nambie neno, Abílio. Hata likiwa baya. Nakuomba.

Deolinda


Champigny, 13 Mei 1966

Dada yangu mpenzi sana,

Furahi! Soseji imefika! Imefika juzi usiku, safi kabisa, haina hata doa. Imekula supu ya kabichi bakuli tatu, ikalala kama gogo kitandani kwangu kando ya dirisha, na asubuhi ikaamka kutazama mashua mtoni. Imenenepa njiani, utafikiri ilikuwa inakula harusini. Inakusalimu sana, sana, inasema usiwe na wasiwasi wowote, wowote kabisa.

Nusu yako hii hapa ndani.

Sasa ulale, dada. Ule. Umechoka sana mwaka huu.

Mdogo wako anayekupenda,
Abílio


Lisbon, Jumapili 22 Mei 1966

Abílio,

Sina salamu.

Bahasha ilifika Ijumaa, imefunguliwa na kugandishwa upya kama kawaida yao. Mke wa mchukuzi alikuwa hapo hapo jikoni. Nilimwona amenyanyuka kabla yangu. Nikafuta meza kwa aproni, nikatoa nusu yangu kifuani, nikaiweka. Nikaweka yako kando yake.

Mkono wako una viwiko viwili.

Nilizigeuza. Nikazisogeza, nikazirudisha. Mimi nilichana kwenye kiwiko. Kwangu ni kutoka kiwiko mpaka vidole begani kwa mtoto. Wewe umechana karibu na kifundo cha mkono. Na karatasi yako haina hata mkunjo, haina jasho, haina vumbi. Imetoka kwenye sanduku lako. Umechukua picha yako mwenyewe ukaichana, ukanitumia, ili nitulie.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako imekuwa fupi kuliko ya ndege.

Unajua umefanya nini? Fedha zilikuwa kwenye kopo la unga, mkono wangu ulishafika kwenye kifuniko. Ningempa. Ningempa huku nikimbusu yule mwanamke mashavu! Na mumewe angebaki na sababu gani ya kumjali mtoto wangu popote alipo? Picha si ya kunifurahisha mimi, Abílio. Picha ndiyo kamba aliyofungiwa mtoto kiunoni, na wewe umeshika kisu ukaikata kwa huruma.

Nilimwambia yule mama, "Hazioani." Akasema, "Karatasi hujikunja njiani." Nikamwambia, "Kiwiko hakizai kiwiko. Mwambie mumeo, mpaka nione nusu aliyoondoka nayo mwanangu, hapati hata senti, na akileta ya kuokota nitakwenda kusimama kwenye soko la kijiji chao nipige kelele jina lake mpaka wanawake wote waliompa watoto wao walie nami." Uso ulimbadilika. Hakumaliza kahawa yake. Hapo ndipo nilipojua hata yeye hakujua mtoto yuko wapi.

Na sasa naandika wazi. Wafungue, wasome, wakisha wagandishe. Tarehe kumi na sita imepita, wamekuja wanaume wawili, wamepindua godoro, wamewatupa paka nje, wanajua hayupo. Sina cha kuwaficha tena. Mwanangu si soseji. Anaitwa Zeferino, ana miaka kumi na tisa, ana kovu juu ya nyusi, na hali kitunguu kibichi.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia hata padri. Nyumbani kwetu mtoto hatoki bila kuomba baraka, na mama hamwachi avuke kizingiti bila kumjibu, unalijua hilo, ulikuwa unarudi kutoka njiani kuomba ukisahau. Siku ile ilikuwa bado alfajiri. Alishuka ngazi, akafika barabarani, akageuka, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, baraka." Na dirisha la jirani wa kulia, yule ambaye mjomba wake ni mmoja wa hao wanaosoma barua, lilikuwa wazi. Nikauma midomo. Sikujibu. Akangoja, akatazama juu, kisha akaenda. Ameondoka bila baraka yangu kwa sababu niliogopa dirisha.

Kama amekufa, amekufa hivyo.

Niambie ukweli wote. Na kutoka leo sitaamini bahasha yoyote yenye mwandiko wako.

Deolinda


Champigny, Jumapili 5 Juni 1966

Dada yangu,

Yuko hai. Yuko hapa. Naandika hilo kwanza, na najua huniamini, na ni haki yako. Soma tu.

Watu wa Sabugal walisema zaidi. Waliniambia Zeferino aliteleza kwenye mawe, mguu ukavimba hata kiatu hakivuliki, na vijana wa mchukuzi wakamwacha kwenye zizi la mchungaji mmoja upande wa Hispania. Walisema watarudi. Hakuna aliyerudi. Niliacha kazi nikapanda treni mpaka mwisho wa reli, nikauliza sokoni, kanisani, kwa wauza jibini. Milima nimeiona kwa chini tu. Niliporudi nikakuta barua yako, ile ya "hata likiwa baya". Nilikaa nayo siku mbili. Sikuweza kukuandikia kwamba mwanao ameachwa zizini kama mwana-kondoo kilema. Nikachukua picha yangu. Haki ya Mungu, sikufikiria malipo. Nilifikiria usingizi wako tu. Mimi ni mjinga, dada, lakini sikukuuza.

Jumatano usiku, mlango ukagongwa. Mchukuzi mwenyewe, matope hadi kiunoni, na Zeferino mgongoni kwake. Akamshusha kwenye benchi kama gunia, akaniambia, "Wewe ndiye kaka wa yule mwanamke?"

Nikasema ndiye.

"Basi pole. Kichwa chake ni kigumu kuliko mawe niliyoyapanda. Mke wangu alirudi analia, ananiambia, nenda kamlete huyo mtoto, la sivyo tusikanyage tena sokoni. Nimekodi nyumbu. Nyumbu akagoma. Nimembeba." Akanywa maji, akafuta mdomo, akasema, "Angelipa, mimi ningekuwa kwangu nimenyoosha miguu. Nakwambia ukweli wa Mungu."

Wewe na kiwiko chako mmemtoa mtoto zizini. Mimi na huruma yangu tungemwacha huko.

Mguu wa kushoto umeunga vibaya kidogo, atachechemea, lakini daktari wa huku amesema atatembea. Kakonda. Mchungaji alikuwa anampa maziwa na mkate mkavu. Kitunguu kibichi sasa anakula.

Na lingine, kabla hajakuandikia mwenyewe. Hakuna dirisha la mto, dada. Hakuna mwenye nyumba. Tunakaa kwenye vibanda vya mbao na mabati, maelfu yetu, bomba moja la maji kwa mtaa mzima, na matope yanafika kwenye goti mvua ikinyesha. Niliona haya. Miaka minne nimekuandikia nyumba isiyokuwepo, nikaiongezea mapazia, na ulipotaka kumleta mtoto nikaogopa ataiona. Ndiyo sababu sikusema "ndiyo". Si kwamba sikumtaka. Alipoamka asubuhi akatazama juu, akaona bati na misumari, akasema, "Mjomba, mto uko wapi?" Nikamwambia, "Ngoja inyeshe." Akacheka mpaka akashika mguu. Ni mara yangu ya kwanza kucheka tangu Pasaka.

Kuhusu ile nusu yake, anayo. Aliivaa ndani ya kiatu kile kisichovuliwa. Haitakuja kwa bahasha, wewe mwenyewe umeapa.

Idalina anakusalimu. Anasema nyinyi wafagiaji wa Lisbon ni wavivu sana. Anasema safu ya mwisho, kushoto, chini ya mto wa kiti cha dirishani, hakuna anayeinua kufagia, na ndege inarudi kwake na uchafu ule ule. Anasema Jumanne tarehe ishirini na moja ataangalia mwenyewe kama mnafanya kazi au mnakula mikate ya watu. Ndiyo maneno yake, mimi simo.

Mdogo wako,
Abílio


Lisbon, Jumatano 22 Juni 1966

Mdogo wangu Abílio,

Salamu nyingi kwako, na salamu kwa bati lako na misumari yake. Mama hajambo; nimemwambia Zeferino amepata kazi mbali, amesema hata yeye alipokuwa kijana vijana walikuwa hawaagi. Wale paka wamerudi wenyewe, wote.

Barua hii usiitafute posta. Idalina ataikuta pale pale alipoacha chake, na ukiishika ni leo leo, kabla hujala chakula cha jioni. Hebu fikiri.

Jana sikunywa hata maji. Nimefagia ndege ya Madrid, nimefagia ya London, mikono inafagia na masikio yako kwenye njia ya ndege. Ya Paris ilichelewa. Ilipotua abiria walishuka taratibu kama watu waendao kutubu. Bibi mmoja alisahau mwavuli akarudi, akasahau miwani akarudi tena. Nilitamani kumbeba nimshushe. Msimamizi wetu, Bwana Hermenegildo, alitaka nianzie mbele kama kawaida. Nikamwambia leo naanzia nyuma. Akasema kwa nini. Nikasema nyuma ndiko kuna uchafu, nimelalamikiwa.

Niliinua mto wa kiti. Kulikuwa na karatasi ya sukari iliyokunjwa, na ndani yake nusu.

Abílio, sura yako imekwisha. Jasho la mguu limekula pua na macho, umebaki kofia na mkono mmoja. Karatasi imekuwa laini kama kitambaa, na ina harufu ya kiatu, harufu ya mguu wa mwanangu, ambayo kwa miaka kumi na tisa nimeipigia kelele mlangoni. Niliinusa. Niseme uongo wa nini, niliinusa kama waridi. Nikatoa nusu yangu kifuani, nikafungua kile kimeza cha abiria, nikaziweka. Hapakuwa na haja ya kusogeza. Kiwiko kilikutana na kiwiko, mkono ukatoka kwako ukafika begani kwake, mmoja tu, mzima.

Salio la mchukuzi nimemkabidhi mkewe jioni hiyo hiyo. Safari hii tulilia wote wawili, kahawa ikapoa.

Lakini bado sijakwambia. Niligeuza ile nusu. Nyuma, kwa penseli, mwandiko wake ule wa kuinama kama anatembea kwenye upepo, ameandika: *Mama, baraka.*

Nimejibu, Abílio. Sikunong'ona. Milango ya ndege iko wazi, wapakuaji mizigo wako chini, wenzangu wako katikati na ndoo zao, nikasema kwa sauti ya kuita mtoto kutoka ghorofa ya tatu, "Mungu akubariki, mwanangu!"

Bwana Hermenegildo akaja mbio kutoka mbele. "Deolinda, unaongea na nani?"

Nikasema, "Na mwanangu."

Akatazama viti vitupu. Akatazama kimeza, zile nusu mbili, na mpasuko katikati yao. Mtoto wake yuko vitani Guinea tangu mwaka jana. Tunajua sote, hatulisemi. Akauliza polepole, "Yuko mbali?"

Nikamwambia, "Hapana. Saa mbili na nusu."

Dada yako,
Deolinda